Friji ya Mama Mkwe na Joto la Kamsamba

Mimi niliishia darasa la tano, na sifichi, kwa sababu hilo ndilo linaloyafanya mengine yote yaonekane. Mtu aliyesoma akitengeneza friji, watu husema shule imemsaidia. Mimi nikitengeneza, hawana pa kuegemeza maneno yao. Hapa Tunduma bucha, baa au duka la dawa likiwa na friji inayogoma, ninaitwa mimi. Hata ng'ambo, Nakonde, wananifuata. Huko ndiko nilikojifunzia kazi, kwa mzee mmoja wa Kizambia ambaye hakuwa akifundisha kwa maneno. Ukigusa waya usiotakiwa alikuchapa mkono, halafu akasema kwa upole, "Panono panono, mukwai," yaani taratibu, bwana, kana kwamba wewe ndiye uliyemchapa yeye.

Nilianza kwa kubeba mizigo mgongoni kuvuka mpaka. Leo nina karakana, nina nyumba ya vyumba sita, na nina gari ambalo mkoa mzima wa Songwe hakuna mwingine mwenye la namna yake. Nalitaja gari kwa sababu habari hii ni yake, ingawa ni ya mama mkwe wangu zaidi.

Lilikuwa gari la wazee wawili wa Kizungu waliokuwa wakizunguka Afrika wakilala humo humo. Injini ikawafia hapa kabla hawajavuka, wakaliuza kama lilivyo, wakapanda ndege. Likakaa kwenye uwanja wa maegesho masika matatu, kuku wakitagia kitandani. Mimi nikalichukua. Nikaweka injini ya lori dogo, nikaweka sola juu, betri chini, nikalipiga rangi ya maziwa. Ndani lina kitanda, jiko, sinki, meza ya kukunja. Watoto wa mtaani wakaliita nyumba yenye matairi, na kila Jumapili baada ya ibada kulikuwa na mtu anayetaka kuonyeshwa.

Friji yake ya zamani ilikuwa ya kutumia gesi ya kupikia, imekufa siku nyingi. Nikaing'oa, nikaweka ndogo yenye kompresa, inayokula umeme wa betri. Halafu nikaijengea kabati la mninga. Hilo kabati nitalisifu mpaka kaburini. Liliibana friji kiasi kwamba hata wembe haukupita kati ya mbao na bati. Nyuma ya friji, kwenye ukuta wa gari, wale Wazungu walikuwa wameacha matundu mawili yenye vichungio vya plastiki, moja chini karibu na sakafu, jingine juu karibu na paa. Niliyatazama sana. Nikaamua ni mambo ya gesi, kwamba waliogopa harufu. Sasa gesi haipo, matundu ya nini?

Asiyekaa huku hawezi kuelewa. Tunduma mwezi wa sita upepo unaingia kwenye mifupa, na vumbi la malori linaingia hata ndani ya yai. Tangu utotoni tunafundishwa kwamba kazi nzuri ni kuziba. Mlango mzuri ni ule usiopitisha mwanga chini. Ghala zuri ni lile ambalo panya analia nje. Mtu akiacha tundu ukutani, majirani wanajua mkewe ana shida. Kwa hiyo nilikata vipande viwili vya bati, nikavigonga riveti, nikapaka silikoni pembeni, nikapiga rangi mikono mitatu. Hata ungekuja na tochi usingeona palipokuwa na tundu. Nikawasha friji, maji yakaganda. Nikawa nawagawia watu barafu mkononi ili wasadiki.

Nasema wazi kwamba hapo nilikosea, na nalisema mapema kwa sababu nina shemeji anayependa kulisema kabla yangu.

Mama wa mke wangu anakaa Igamba, kwenye kahawa na mahindi yake. Ni mjane wa siku nyingi, na aliwalea watoto watano kwa kuchoma matofali, kazi ambayo wanawake wengi hawaithubutu. Nimemwoa binti yake miaka ishirini na mbili, lakini uso wake siujui vizuri. Kwa desturi ya ukoo wao mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe, hali naye, hakai naye chumba kimoja, na hazungumzi naye ana kwa ana. Wengi wameiacha desturi hiyo. Mchungaji wetu mwenyewe anakunywa chai meza moja na mama mkwe wake na hakuna radi iliyopiga. Mama huyu hakuiacha. Mimi nimemjua kwa sauti yake kupitia ukutani, kwa khanga yake kwenye kamba, na kwa visigino vyake vikipotelea nyuma ya nyumba kila nilipoingia uani. Maneno yangu kwake hupita kwa mke wangu, na yake kwangu vivyo hivyo.

Ana ugonjwa wa sukari, wa kujichoma sindano. Dawa yake inataka ubaridi, na pale Igamba inakaa kwenye friji ya duka la dawa la jirani. Sasa yeye ana dada yake mkubwa, wamebaki wawili tu katika watoto wa mama yao, na huyo dada aliolewa Kamsamba, bondeni kabisa kuelekea Ziwa Rukwa, kwenye mpunga na ng'ombe na joto. Dada hawezi kupanda huku juu, baridi inamkaba kifua. Na mdogo, tangu aanze sindano, hakuweza kushuka kule, kwa sababu dawa ingeharibika kabla hajamaliza kusalimia. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na mmoja. Walisikilizana kwa simu, na dada masikio yameanza kuzeeka, kwa hiyo simu zenyewe zilikuwa kelele za "unasema?" mpaka salio linakatika.

Mwaka huu baada ya kuuza kahawa, mama alisema mbele ya watoto wake kwamba anataka kwenda kukaa na dada yake wiki tatu, na kwamba akingoja zaidi ataenda kwenye msiba. Kikao kikawa kirefu. Mimi nilikuwa nimekaa nje ya mlango, mahali pangu pa kawaida. Shemeji yangu, mwalimu wa sekondari, alieleza kwa Kiswahili cha vitabu kwamba haiwezekani. Hapo ndipo niliposema kutoka pale nje, kwa sauti ya kufika ndani, kwamba nitampeleka mimi, na dawa itasafiri kwenye friji yangu. Shemeji akatoka, akasimama juu yangu.

"Mzee wa darasa la tano," aliniambia, "lile ni friji au ni kabati la nguo?"

Nilimwambia aje Tunduma nimgandishe ulimi.

Tuliondoka mwezi wa kumi, jua likiwa ndiyo limeshika. Nilifunga pazia la kitenge nyuma ya viti vya mbele. Mimi na mke wangu tukakaa mbele, mama akakaa nyuma na dawa yake. Chupa zilikuwa tatu. Nesi alikuwa amesema ubaridi ukae kati ya nyuzi mbili na nane, isigande na isipate joto, akampa mke wangu kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya friji. Tunatoka Igamba kilisoma nne. Nikamwagiza mke wangu amwambie mama kwamba ni nne. Mama akajibu kwamba amesikia, si lazima kupitisha, pazia si ukuta wa chuma. Mke wangu alicheka mpaka akashika dashibodi.

Safari ya kushuka ile naipenda. Juu kuna migomba na kahawa na watu wenye masweta, halafu barabara inaanza kuinama, na kila kona unavua kitu. Nilivua koti, kisha sweta, na tulipofika chini kwenye tambarare nilikuwa nimebaki na fulana. Joto la kule haliji kidogo kidogo. Linakupokea kama mtu aliyefunua sufuria karibu na uso wako. Mke wangu alipita nyuma ya pazia kutazama, akarudi na kusema sita. Nikasema ni kawaida. Baada ya saa moja akasema tisa. Hapo nikapunguza mwendo nisikilize. Friji nzima hupumzika. Inaunguruma, inanyamaza, inaunguruma tena, kama mtu anayelima. Ile yangu ilikuwa hainyamazi.

Tulifika saa nane mchana. Kipimajoto kilisoma kumi na tatu.

Lakini kwanza ilibidi dada wawili waonane, na mimi nikageuka upande wa matairi kama inavyotakiwa, nikasikia tu. Nilitarajia vilio. Mama alishuka, akaenda mpaka kwenye mkeka alipokuwa dada yake. Kisha sauti ya yule mkubwa, nzito, ikasema, "Umechelewa. Wali umepoa." Wakaanza kucheka wote wawili, kicheko kile kile, kimoja juu kimoja chini, na mke wangu akaja akanishika mkono huku machozi yanamtoka.

Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumwambia mke wangu. Nilimwambia kwamba friji inashindwa. Akaenda kuwaambia. Akarudi na jibu kwamba mama anashukuru Mungu kwa chochote, hata kwa siku moja, na kwamba alipomaliza kusema hivyo akawa anakunja ncha ya khanga. Dada yake hakuishia hapo. Alitoa mtungi mdogo wa udongo, akaufukia kwenye mchanga uliolowanishwa pembeni mwa nyumba, chupa za dawa zikawekwa ndani ya kikombe humo ili mimi niifungue friji. Mchanga ule ulipunguza makali, lakini kipimajoto hakikuteremka chini ya ishirini na mbili. Kwa siku moja au mbili dawa ingevumilia. Kwa wiki tatu hatukuthubutu. Tukapanga hivi: kama kufikia kesho jioni friji haijashuka chini ya nane, asubuhi ya pili tunapandisha mlima na mama.

Mke wangu alimpigia kaka yake kumjulisha. Alikuwa ameweka simu kwenye sauti kubwa bila kukusudia. "Mwambie shemeji," alisema mwalimu, "sanduku la mninga halijawahi kupoza dawa. Amrudishe mama nyumbani."

Mimi nikitaniwa huwa napata nguvu. Siku ile sikupata.

Jioni yote nilifanya kazi ya fundi. Nilipima ile gesi ya kupozea iliyo ndani ya mabomba, imejaa. Nilipima umeme wa betri, uko sawa. Nilipapasa mpira wa mlango pande zote, umebana. Nikaing'oa friji kidogo kutoka kwenye kabati, nikaweka mkono nyuma yake kwenye yale mabomba membamba yanayotoa joto nje, nikautoa haraka kwa kuungua. Hapo nikaelewa nusu. Friji haitengenezi baridi, na hili wateja wangu wengi hawalijui. Friji inahamisha joto. Inalitoa ndani kwenye nyama yako, inalitupa mgongoni. Na mgongoni mwa ile yangu palikuwa pamezibwa na fundi hodari. Kule Tunduma ukuta wenyewe ulikuwa baridi, ukalimeza joto bila kulalamika. Huku ukuta ulikuwa wa moto kama kikaango.

Nikatoboa riveti za lile bati la chini, nikalitoa. Nikafunga feni ndogo, ile ya kwenye kompyuta, kwenye tundu, ipulize hewa ndani. Nilijiona nimemaliza. Asubuhi ilisoma kumi na moja, nikaanza kuimba. Jua lilipopanda ikapanda nalo: kumi na mbili, kumi na tatu, na saa tano ilikuwa kumi na tano. Feni inazunguka, kompresa inalia, na joto lipo pale pale, linazungushwa tu kama mboga chunguni.

Mke wangu na mama yake mkubwa walikuwa wamekwenda kwa wauza soda kutafuta barafu. Mimi nilikuwa nimelala chali nje ya gari kwenye gunia, kichwa karibu na lile tundu la chini, bisibisi mkononi, sifanyi kitu. Ndani, upande wa pili wa friji, mama mkwe alikuwa amekaa. Nilijua kwa sababu alikuwa anakohoa kikohozi cha taarifa, kile cha kusema nipo, usiingie.

Halafu akazungumza.

"Wewe friji," alisema.

Nilidhani anasali.

"Wewe friji, muulize huyo aliyelala hapo nje, matofali ya kanisa la Igamba alichoma nani."

Desturi inasema nisimjibu. Lakini hakuwa amesema na mimi, alikuwa amesema na friji, na friji ni mali yangu. Nikaona hapo pana njia.

"Friji," nilisema kwenye tundu, "mwambie mama kwamba najua ni yeye."

"Mwambie tanuru langu la kwanza halikuwa la kanisa. Lilikuwa langu, na lilikuwa zuri. Nililikandika udongo pande zote mpaka kichwani, nikalisugua kwa mkono wa maji likawa kama chungu. Watu walitoka vijiji vingine kulitazama. Nikawasha, na siku ya pili moto ukafa. Matofali yakatoka mabichi, mvua ikayayeyusha yote."

Nikamwomba friji amuulize moto ulikufaje na kuni zilikuwepo.

"Haukuwa na pa kutokea," alisema mama. "Joto linapanda. Likipata mlango kichwani linatoka, na likitoka linaivuta hewa mpya kule chini. Ukikandika kichwa, hata uwe na midomo kumi chini, hakuna hewa itakayokubali kuingia mahali ambapo haiwezi kutoka. Mwambie amefungua mdomo, kichwa amekiacha kimekandikwa. Hako kafeni kake kanapuliza ndani ya chupa."

Niliweka bisibisi chini. Nimefundishwa na mafundi wa mataifa mawili, nimefungua friji nyingi kuliko nywele zangu, na sijawahi kuambiwa neno lililonyooka namna ile na mtu asiyejua kompresa ni nini. Yale matundu mawili ya Wazungu hayakuwa ya harufu hata kidogo. Moja lilikuwa mdomo na jingine kichwa. Nililijua jibu wakati huo huo, na bado nikasema upumbavu, nitauandika kama nilivyousema.

"Friji, mwambie mama kwamba pale juu nimepiga rangi mikono mitatu."

"Mwambie dada yangu ana miaka themanini."

Nikainuka.

Nilichukua grinda, nikaunganisha kwenye inveta, nikalikata bati langu la juu bila hata kupima. Cheche zilirukia kwenye rangi ya maziwa zikaacha madoa meusi ambayo sijayafuta mpaka leo na sina mpango wa kuyafuta. Lilipodondoka, hewa iliyotoka pale ilinipiga usoni kama pumzi ya ng'ombe. Nikaitoa feni kule chini, nikaifunga juu, safari hii ikivuta kutoa nje badala ya kupuliza ndani. Nikaweka kiganja kwenye tundu la chini, nikasikia hewa inaingia yenyewe, inalamba vidole, bila kuitwa na mtu.

Hapo sasa ufundi wangu ukaamka, maana mtu akionyeshwa njia ndipo anapojua kukimbia. Niliona kati ya mabomba na ukuta pana nafasi pana, hewa ingepita huko kwa uvivu bila kugusa kitu chenye joto. Nikachukua lile bati nililolitoa, nikalipinda, nikalifunga ukutani liisukume hewa ipite kwenye mabomba yenyewe. Nikaona pia joto linaweza kuvuka juu ya friji likaingia kwenye kabati, likarudi mbele. Nikakata sponji ya mto wa kiti nikaziba pale, kwa sababu kuziba si dhambi ukijua unaziba nini. Nikafumua ubao mmoja wa mninga pembeni ili friji isibanwe mbavu. Ubao huo uliniuma. Nikaweka wavu wa mbu kwenye matundu yote mawili kwa ajili ya vumbi na panya. Mwisho nikawasha gari, nikaligeuza ili ule ukuta wa friji ukae kwenye kivuli cha ghala la mpunga, maana nilikuwa nimeliegesha mgongo wake ukitazama jua la mchana kama mtu anayeota moto.

Mke wangu na mama yake mkubwa walirudi na barafu ya mfuko mmoja, wakakuta gari limetazama upande mwingine na mimi nimejaa vumbi la chuma mpaka kwenye kope. Mke wangu akauliza nani kaniambia nikate juu. Nikamwambia ni friji.

Saa tisa ilisoma kumi na mbili. Saa kumi, tisa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda upande wangu wa ukuta, wao watatu wamekaa upande wao kwenye mkeka. Mara kompresa ikanyamaza.

Nilisema mwanzo kwamba friji nzima hupumzika. Sikuwahi kujua kwamba kimya cha friji kinaweza kusikika na watu wote uani kwa pamoja. Hata yule mkubwa mwenye masikio mazito alinyanyua kichwa, akauliza kimetokea nini. Mke wangu akakimbilia ndani. Akarudi na kusema saba. Kabla ya chakula cha jioni ilikuwa tano, chupa zikatolewa kwenye mtungi zikarudi mahali pake, na mama mkwe akajichoma sindano yake kama kawaida, akala wali wa dada yake, safari hii ukiwa wa moto. Mimi nililetewa sahani yangu upande wa matairi. Juu ya wali palikuwa na paja la kuku, zima. Kwa ukoo ule kipande kile hupewa mwana wa nyumba, si mkwe, na mke wangu aliponikabidhi alinitazama, nami nikala.

Nilimpigia mwalimu mwenyewe asubuhi yake. Nilimweleza habari ya mdomo na kichwa, joto kupanda na kuvuta hewa mpya nyuma yake. Akasema kwamba hayo yote yameandikwa, ni somo la kidato cha pili. Nikamjibu kwamba yeye alilisoma akalinyamazia kikao kizima, na mama yake hakulisoma akalifanyia kazi. Alicheka, lazima nimpe haki yake, alicheka sana.

Tangu hapo nimefungua matundu kwenye friji za baa tatu za Tunduma ambazo zilijengewa ukutani kwa vigae kama makaburi ya matajiri. Wenye baa wanadhani nina kipimo fulani kutoka ng'ambo.

Tatizo lililobaki lilikuwa moja. Mimi nilikuwa na kazi mpakani, bucha mbili zinanisubiri, na mama alikuwa na wiki tatu zake. Dawa haiwezi kukaa Kamsamba bila friji, na friji haiwezi kukaa bila gari. Nililizunguka lile gari mara mbili, nikitafuta namna ya kulichukua na kuliacha kwa wakati mmoja. Siku ya nne nikamwachia mke wangu ufunguo abaki nao, nikafunga nguo zangu kwenye mfuko, nikaita bodaboda, nikapandishwa mlima kupitia Msangano, vumbi mdomoni, magoti yakigonga kuni za abiria mwingine. Mtu mwenye gari la kulala pekee katika mkoa amepanda pikipiki ya mshikaki. Pale Tunduma waliniuliza gari liko wapi. Nikasema liko kazini.

Wiki tatu zikapita, zikawa nne. Mke wangu alikuwa akinipigia kila jioni kunipa nambari: tano, sita, tano. Aliniambia dada wale wameacha nyumba, wanalala kitandani mwa gari wote wawili, asubuhi wanakaa ngazini wakinywa chai na kuwatuma watu kama machifu. Nilimuuliza kama mama amesema lolote kuhusu kurudi. Akasema hajasema, na yeye hajauliza.

Mwisho mwalimu akanipigia yeye. Mahindi ya Igamba yanataka kupandwa, mvua inakaribia, mama anarudi lini?

"Muulize mwenyewe, shemeji," nilimwambia. "Gari ni langu, lakini ufunguo uko kwenye pindo la khanga yake, na mimi siruhusiwi hata kutazama upande huo."